Nilivyotaka Baba Awe Bwana Farasi

Mwezi uliopita nilipiga simu kwenye kampuni moja hapa Riyadh kuulizia maombi yangu ya kazi, ya nne tangu nimalize chuo, nikawekwa kwenye foleni ya kusubiri. Muziki ulichezacheza, ukakatika, ikaingia sauti ya mwanamume. Kiarabu fasaha, kizito, cha taratibu, kikinieleza kwamba mimi ni mteja mpendwa na kwamba subira yangu inathaminiwa sana. Nikakata simu. Safari hii haikuwa kwa sababu ya kazi. Sauti ile naijua. Ni ya Bwana Farasi.

Yaani, ni ya mtu aliyemtilia Bwana Farasi wa tamthilia maneno ya Kiarabu mdomoni. Nilibaki nimeshika simu, nikaanza ile kazi yangu ya kuwaza jambo mpaka lichakae. Kwamba mtu yule sasa lazima ni mzee. Kwamba labda naye ametafuta kazi nyingine akakosa. Kwamba labda nimeikosea sauti, na nimekata simu ya kazi bure. Kisha nikaacha kuwaza hayo nikamwaza Baba, aliyekuwa akisimama nyuma yangu na pasi mkononi wakati sauti ile inanguruma sebuleni kwetu, na nikawaza ubaya niliowahi kumfanyia nikidhani ni wema.

Wa rika langu mtaelewa tamthilia ninazozisema, zile za Meksiko zenye mashamba makubwa, mapacha waliotenganishwa na wanawake wanaolala wamejipamba kope. Wenzetu waliokulia Tanga na Nairobi walizipata kwa Kiingereza. Sisi wa Jeddah tulizipata kwa Kiarabu, tena si Kiarabu cha mtaani bali cha hotuba ya Ijumaa na taarifa ya habari. Mchunga ng'ombe mlevi aliweza kuanguka kwenye matope, akalaani ulimwengu, na irabu zote za mwisho wa maneno zikawa mahali pake.

Hapo ndipo nilipopata cheo. Tulikaa mtaa wa Ghulail, ghorofa ya tatu, nyumba ya vyumba viwili iliyojaa harufu ya mkate kutoka dukani chini. Adhuhuri maduka ya Jeddah hufungwa mpaka alasiri ipite, na katika pengo hilo ndipo wageni wangu walipopanda ngazi. Bi Sauda alikuwa jirani wa chini, Mmombasa, mke wa fundi wa viyoyozi. Anti Njeri alikuwa msusi kwenye saluni ya wanawake kule Kandara, mtaa mwingine wa Jeddah, Mkenya wa bara, mwembamba, asiyenyamaziwa wala kunyamaza. Wote wawili walikuwa na Kiarabu kingi cha sokoni, cha yalla, yaani haya, na mafi, yaani hamna, na cha kumgombeza dereva wa teksi. Lakini Wameksiko wakifungua kinywa, walikuwa hawaambulii kitu. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilisoma shule ya Kiarabu. Nilikaa kwenye zulia, uso kwa televisheni na mgongo kwa wanawake, nikatafsiri.

"Yuwasemaje sasa?" Bi Sauda akauliza. "Mbona amshika hivyo?"

"Anasema, ewe mwanamke, hutavuka lango hili maadamu mimi ni hai."

"Mashallah!" Nikasikia kofi la paja. "Wivu huo! Huyo ndiye mume."

"Ai, Bi Sauda, huyo si mume, huyo ni kesi," akasema Anti Njeri. "Mtu akinishika mkono hivyo mimi naita polisi, hata akuwe na farasi kumi."

"Ndiyo maana hujaolewa."

"Na wewe umeolewa. Mzee wako ako na farasi?"

"Ana ngazi," akasema Bi Sauda kwa heshima zote. "Ngazi na spana."

Majina ya Kimeksiko hawakuyajali. Mwanamume alikuwa Bwana Farasi kwa sababu hakuwahi kuingia mahali popote kwa miguu. Mwanamke alikuwa Macho Maji. Bwana Farasi alimpenda Macho Maji, na alimpenda kwa kuvunja vitu. Alivunja glasi, akavunja mlango, siku moja akavunja gitaa la mwanamume mwingine kwa goti lake. Alimkataza kazi ya ualimu kijijini. Alimvuta mkono, akamsukuma ukutani, akamwambia maneno ambayo niliyatafsiri kwa sauti ya kutetemeka, kisha akambusu, na hapo Baba akapita mbele ya televisheni na kikapu cha nguo, polepole kuliko ilivyohitajika.

Baba ndiye aliyefanya kazi za nyumbani. Mama alikuwa nesi. Mkataba ulikuwa wake, na Baba, aliyekuwa mwalimu wa hesabu Tanga, alikuja kwa jina la mkewe. Kwenye ikama ya Baba, kadi ile ya ukaazi, palipoandikwa jina la mdhamini palikuwa na jina la Mama, na chini yake maneno kwamba mwenye kadi haruhusiwi kufanya kazi. Mimi ndiye niliyemsomea. Akasema, "Basi tupike," akaenda kupika.

Alipika, akafua, akapiga pasi sare nyeupe za Mama mpaka zikasimama zenyewe. Alinisuka nywele kwa mistari iliyonyooka kama ya daftari. Anti Njeri alikuwa anaikagua kichwani kwangu na kukosa la kusema. Na tamthilia ikianza alituletea chai ya tangawizi, kisha akarudi kwenye pasi yake nyuma yetu, akijidai hatazami.

"Baba Salma," Bi Sauda alimchokoza siku moja, "wewe humu ungekuwa nani?"

"Mpishi."

"Mpishi! Mwanamume mzima!"

"Chunguza vizuri, Bi Sauda. Humu wote wanapigwa risasi, wanapofuka, wanapoteza kumbukumbu. Umeshaona mpishi amepatwa na jambo?"

Anti Njeri alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka. Niliona aibu, aibu ya mtoto ambayo haina pa kwenda, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuwa na wasiwasi na jambo zito: Baba yangu hampendi Mama.

Ushahidi nilikuwa nao. Hakuwahi kuvunja kitu. Hakuwahi kumkataza Mama kwenda popote. Walipokuwa pamoja waliongea habari za tangi la maji, mtungi wa gesi na zamu za wiki. Mama akichelewa kazini, Bwana Farasi angepanda farasi. Baba alifunika chakula chake kwa sahani, akashuka na kandambili, akakaa kwenye ngazi za mlango wa chini. Nikimuuliza anafanya nini alisema anapunga upepo. Ghulail haina upepo. Lakini nilimwamini, na nikaongeza kwenye ushahidi wangu kwamba Baba anapenda upepo kuliko Mama.

Kisha Mama akapelekwa Riyadh. Hospitali yake ilitaka manesi wachache wajifunze mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, miezi sita, na atakayefaulu angerudi Jeddah na mkataba mpya. Nilisikia wakiongea jikoni. Mama alisema asipofaulu mkataba wa sasa unaisha, na ukiisha kadi zetu zote zinaisha, tunarudi. Baba akasema, "Nenda kasome. Hapa nipo." Basi. Maneno manne.

Uwanja wa ndege nilisubiri. Nilijua kinachotakiwa. Mwanamke anatembea kuelekea mlangoni, anageuka mara moja, mwanamume anapiga kelele jina lake, watu wote wanasimama. Baba alikagua zipu ya begi la Mama. Alimpa chombo cha vitumbua. Mama akasema, "Gesi itaisha Jumanne." Baba akasema, "Najua. Ukifika utuambie." Mama akaenda, akageuka hata mara mbili, na Baba akampungia kitambaa cha kufutia vyombo ambacho alikuwa amesahau begani tangu nyumbani. Nililia njia nzima, na Baba akafikiri ninamlilia Mama.

Mama alipiga simu kila magharibi, dakika chache kabla ya zamu au kabla ya kufungua vitabu, na mara nyingi mimi ndiye niliyeipokea, kwa kuwa Baba mikono yake ilikuwa kwenye mapovu. Nikikata, alikuwa anauliza bila kugeuka, "Mama kasemaje?" Nami namwambia. Ilikuwa kazi ileile ya alasiri. Mama kasema amekula. Mama kasema Riyadh baridi inaingia mpaka kwenye meno. Mama kasema basi la manesi limeharibika tena, wakapelekwa na Mutiso.

Mutiso alikuwa dereva wa hosteli ya manesi alikokaa Mama, Mkenya. Wakati ule wanawake walikuwa hawajaruhusiwa kuendesha, kwa hiyo maisha ya Mama yalitegemea madereva. Mutiso alimpeleka sokoni. Mutiso alimtafutia unga wa sembe mtaa wa mbali kabisa. Mutiso alisema jambo fulani la kuchekesha kuhusu ngamia. Mtoto mwingine angesikia habari za dereva. Mimi, niliyetafsiri vipindi zaidi ya mia, nilisikia mwanamume wa pili ameingia kwenye hadithi, na mume hana habari, anasugua sufuria.

Nikaona nimsaidie. Nilianzia kwenye tamthilia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mikononi mwangu. Bwana Farasi alikuwa anamwambia mtumishi amletee buti. Nikapaza sauti, iende mpaka kwenye pasi: "Anasema, mume asiyemfuata mkewe si mume kamwe, na atakuja kujuta siku zote za maisha yake, na machozi hayatamsaidia."

"Yote hayo?" akauliza Bi Sauda. "Mbona mdomo umecheza mara mbili tu?"

"Kiarabu ni lugha fupi."

"Na mbona huyo mwengine amemletea buti?"

Baba alinyunyizia shati maji, akaendelea kupiga pasi.

Nilijaribu tena kesho yake, na keshokutwa. Bwana Farasi wangu akawa mshauri wa ndoa. Bi Sauda alifurahi, akasema mchezo umepata busara. Anti Njeri alinitazama kwa jicho moja. Baba hakugeuka. Basi jioni moja nikakata simu ya Mama, na Baba akauliza kama kawaida, mgongo umenielekea, "Mama kasemaje?"

Mama alikuwa amesema mtihani wake wa kwanza ni Jumatatu na amwombee. Nikasema, "Mama kasema Mutiso amemshika mkono. Akamwambia asirudi Jeddah."

Baba akafunga bomba.

Nilisubiri. Alikuwa na glasi mkononi, glasi nzuri ya kuvunja. Nilibana macho kidogo, kama unavyoyabana puto linapokaribia kupasuka. Baba akaifuta glasi ile ndani, akaifuta nje, akaiweka kwenye rafu pamoja na wenzake, mdomo chini.

"Amesema hivyo? Kwa maneno hayo?"

"Ndiyo."

"Alikuwa analia?"

Sikujua kwa nini aliuliza hilo. Macho Maji angelia. "Kidogo," nikasema.

Baba akaenda kwenye dirisha linalotazama ukuta, akautazama ukuta. Aliporudi alichukua simu, akaiweka chini, akaichukua tena. Mama alikuwa ameshaingia zamu. Kesho yake alipompata nilimsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tunakuja Alhamisi. Salma amekukumbuka." Hakuuliza lolote. Baadaye aliniambia, kama ananifundisha hesabu, kwamba mambo ya namna hii hayaulizwi kwenye simu ya hosteli ambayo wengine wamepanga foleni nyuma yake.

Nilifurahi, na sitaki kudanganya hapa pia: nilifurahi sana. Baba yangu alikuwa anapanda farasi.

Farasi alikuwa basi, alfajiri ya Alhamisi, kutoka kituo cha Kandara. Shule zilikuwa zikifungwa Alhamisi na Ijumaa wakati ule. Baba alivaa shati lake la kufundishia, ambalo sikuwa nimeliona tangu Tanga, nikachukua hilo kama dalili njema. Tulipita Taif, milima ikaisha, jangwa likaanza na likaendelea tu. Nilikuwa na swali ambalo lilinitekenya tangu tulipokaa.

"Baba, utampiga?"

"Nani?"

"Mutiso."

Baba aligeuka akanitazama. Kisha akazungumza taratibu, kidole kikihesabu juu ya goti.

"Nikimpiga, polisi watakuja. Watauliza sababu. Nitasema mke wangu alipanda gari la mtu, na mtu huyo akamshika. Hapo anayeharibikiwa ni nani?"

Nikafikiri. "Mutiso."

"Na mama yako. Wataandika jina lake kwenye karatasi, na mkataba utakwisha hapo hapo. Haya. Nikienda kwa msimamizi wao kimyakimya?"

"Mutiso atafukuzwa."

"Atarudishwa kwao. Kafili wake, huyo mdhamini aliyemleta, hatamuuliza hata amekula. Ana familia huyo, bila shaka. Kama kweli amemsumbua mama yako, nitakwenda, na arudi kwao. Lakini lazima nijue kwanza." Akakunja kidole cha mwisho. "Ndiyo maana nimeshindwa kulala. Jambo hili ukilikosea upande wowote, mtu anaumia."

Nadhani wasiwasi wangu wote, huu unaonifanya nisome barua pepe ya mistari mitatu mara kumi na mbili kabla ya kuituma, ulizaliwa kwenye basi lile. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba Mutiso ni mtu. Alikuwa mwanamume wa pili. Sasa ghafla alikuwa na kwao, na familia, na kuna neno langu moja linalotembea kwenda kwake kwa mwendo wa basi. Nikaamua kusema. Nikasema nitasema tukisimama kula. Tukasimama, tukala wali na kuku, Baba akanichambulia mifupa, sikusema. Nikasema nitasema kituo kijacho. Kituo kijacho Baba alikwenda kuswali. Nikahesabu nguzo za umeme na kujiahidi nikifika mia nitasema; nikafika mia, nikaanza upya. Jua lilikuwa linashuka nyuma yetu tulipoingia Riyadh, na nilikuwa sijasema.

Na aliyekuja kutupokea kituoni alikuwa Mutiso.

Mama ndiye aliyemtuma. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, ana upara unaong'aa na sweta la kijani lililofumwa kwa mkono. Hakufanana na mwanamume wa pili wa tamthilia yoyote. Alimwona Baba katika watu wote wale akanyoosha mikono miwili.

"Wewe ni Mwalimu! Sister aliniambia nitafute mtu mrefu anatembea kama anaenda kuandika ubaoni. Karibu Riyadh, mzee. Na huyu ndio Salma? Sister amesema hunyamazangi. Leo umeacha mdomo Jeddah?"

Nikamgeuzia uso. Baba alimpa mkono, akaketi mbele, akamuuliza kwao ni wapi. Machakos. Watoto? Watatu, wote wasichana. Ana muda gani huku? Akataja miaka. Baba aliuliza kwa adabu, na Mutiso alijibu kwa furaha, na mimi kiti cha nyuma nilijua kila jibu Baba analiweka mahali, analipima, ili ajue kwanza.

"Mkeo anasoma, Mwalimu," Mutiso akasema. "Wengine wakiingia kwa gari wanalala. Yeye anafungua kitabu. Namwambia Sister, funga, macho itaharibika, yeye ananiuliza maswali, eti mimi nishike kitabu kwa taa nyekundu nione kama amejibu vizuri. Sasa mimi najua figo yote. Niulize swali ya figo!"

Baba akacheka kidogo, bila kutaka.

Hosteli ya manesi ilikuwa na chumba cha wageni karibu na lango, kwa ajili ya familia: meza moja, viti vya plastiki, mashine ya maji. Mama akaja mbio na sare yake, akaninyanyua ingawa nilikuwa mkubwa wa kunyanyuliwa. Alikuwa amekonda. Baba alisubiri aniweke chini. Alisubiri aketi na kutumiminia chai. Kisha akavuta kiti chake karibu na cha Mama, akashusha sauti, akamuuliza swali alilolibeba siku nne na jangwa zima.

"Kuna mtu anakusumbua hapa?"

Nilikuwa nimetafsiri maswali mengi ya waume. Ulikuwa wapi? Ni nani yule? Unanidharau? Hili sikuwahi kulikuta. Nilimtazama Baba nikaona kwamba kwa siku zote hizo hakuwa amemwogopa Mutiso amchukue Mama. Alikuwa amemwogopea Mama.

"Kunisumbua?" Mama akashangaa. "Nani anisumbue?"

"Niambie tu. Kama ni mkataba, tutarudi Tanga, tutakula tunachokula. Usivumilie kwa ajili yetu."

"Baba Salma, unaongea nini?"

Nikasema. Sikusema vizuri, nilisema yote kwa pamoja, buti na glasi na uwanja wa ndege, na kwamba Mama alichosema ni mtihani tu, na kwamba nilitaka Baba agombane kidogo, si sana, ili ionekane anampenda. Nikamaliza, mashine ya maji ikanguruma, ikanyamaza.

Nilitazamia Baba akasirike. Alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalikuwa na maji, na alikuwa anatabasamu, na sikujua nifuate kipi.

"Ionekane?" akasema. "Mwanangu, niliacha darasa la watoto arobaini waliosimama kunipokea kila asubuhi, nikaja huku. Ulidhani nilifuata joto?"

Mama alikasirika kwa niaba yake. Yeye hakutabasamu hata kidogo. Alisema Mutiso ana watoto watatu, alisema nilijua maana ya kufukuzwa nchi hii, alisema nitatoka sasa hivi mpaka kwenye gari nikamweleze nilichosema na nimwombe radhi kwa kinywa changu. Akanishika bega kunielekeza mlangoni.

Na hapo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu, nilimwona Baba akipiga meza. Kofi moja, wazi. Kikombe kikaruka.

"Hapana!" akasema. Mwenyewe akashtuka, akaushika mkono wake. Kisha akaendelea kwa upole. "Akiambiwa, hatalala tena. Kila mtu akimwita ofisini atafikiri ni hilo. Atafikiri ni nani mwingine amesikia. Tutakuwa tumejitua mzigo tukambebesha yeye. Hajui. Abaki hajui."

Mama alimtazama sana. Sijui nieleze vipi mtazamo ule. Siku ile nilidhani amekasirika zaidi. Sasa nina miaka ishirini na minne na nimeukumbuka mara nyingi, na nadhani ni kitu ambacho Wameksiko wangekipigia vinanda. "Sawa," akasema. Akachukua kitambaa, akafuta chai iliyomwagika, na Baba akanyanyua kikombe apate kupafuta.

Mama alifaulu mtihani ule na mingine yote. Mkataba ulipatikana, nami ndiyo maana nimekulia huku na nina nafasi ya kukatishwa tamaa na makampuni ya huku. Bi Sauda alilia harusini mwa Bwana Farasi, na nilimtafsiria kila neno kama lilivyo, hata pale lilipokuwa la kipumbavu. Hayo yalikuja baadaye.

Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, Mutiso alitupeleka kituoni. Barabara zilikuwa tupu. Nilikaa nyuma yake nikitazama upara wake na ukosi wa sweta lile, nikiwa na maneno yaliyojaa mdomoni na amri ya Baba juu yake. Nilipanga sentensi ambayo ingemwomba msamaha bila kumwambia wa nini. Niliipanga na kuipangua tangu hosteli. Tuliposimama kwenye taa ikatoka neno moja tu.

"Samahani."

Mutiso akanitazama kwenye kioo. "Ya nini, mama?"

Baba aligeuza kichwa kidogo. Nikageukia dirisha.

"Aaa, ya kuninunia jana?" Mutiso akacheka. "Hiyo si kitu! Yangu ya mwisho ndio anajua kununa. Nilienda likizo nikampata ako miaka mitatu. Kukaa kwa mapaja yangu, hataki. Nimshike mkono, analia. Kila mahali naingia, yeye anatoka. Mama yake anamwambia, huyu ni baba, yeye anasema, baba ako kwa simu."

Taa ikageuka. Gari likaenda kidogo, likakunja, likaingia kituoni, na abiria wa basi letu walikuwa wameshaanza kupanga foleni.

"Halafu ikawaje?" Baba akauliza.

"Alianza kuzoea," akasema Mutiso. "Siku moja akaniletea kiatu nimvalishe. Kiatu moja. Nikamvalisha." Akazima gari, akafungua mlango. "Halafu likizo ikaisha," akasema, akazunguka nyuma kutushushia mizigo.